Maneno Niliyomgeuzia Bibi

Mugumu,
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Ghati tunayekaa naye dawati moja, na naomba niliweke hapa juu kabla mkono haujaogopa. Nimemdanganya Bibi kuhusu ugonjwa wake, mwezi wa saba sasa. Nikianza na salamu peke yake najijua, nitajaza karatasi kwa habari za mahindi halafu nifunge bahasha bila kulisema. Basi nimelisema. Sasa salamu.

Habari za huko Ikoma? Mgongo unaendeleaje? Wale watalii wa kambini bado wanakuamsha alfajiri uwaokee mikate? Sisi huku Mungu anatusaidia. Mvua imenyesha vizuri na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mjomba Kisyeri anakusalimu, anasema mshahara ukitoka usimsahau, lakini huyo unamjua. Ningekupigia, ila simu unayopokelea ni ya jikoni na kila mtu anasikiliza. Barua hii atakuletea Daudi wa gari la mboga.

Mama, unakumbuka ulivyomwacha mama yako. Alikuwa amekonda mpaka vikuku vinadondoka mkononi, na kila siku anaharisha. Ulipotuma nauli nilimpeleka kituo cha afya. Tulihudumiwa na Sista Akech, Mjaluo wa upande wa ziwani, mpole sana, ila Kikurya hajui hata salamu. Bibi naye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, cha kuuza ulezi na kurudi nyumbani. Kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Bibi alifurahi mno. Aliwatangazia wote waliokaa kwenye benchi kwamba watu walimcheka alipouza ng'ombe ili nisome, sasa waje wamcheke tena.

Baada ya vipimo Sista alituita ndani. Alisema taratibu kwamba Bibi ana virusi vya ukimwi, kwamba kinga yake ya mwili imeshuka sana, kipimo chake cha CD4 ni mia moja na kumi na mbili tu, lakini asikate tamaa. Dawa ni kidonge kimoja kila siku, kwa maisha yake yote, na akimeza bila kuruka virusi vitalala, kinga itapanda tena, ataona hata vitukuu. Akaniambia nimweleze Bibi yote, nisipunguze.

Mama, kati ya chumba kile na benchi kulikuwa na pazia tu. Na pale kwenye benchi alikuwa amekaa mke wa Werema, ambaye ndiye redio ya kijiji chetu. Sista alikuwa akiongea chinichini, lakini Bibi ni mzito wa kusikia, mimi ingebidi nipaze sauti, tena kwa Kikurya. Nikafungua mdomo nikamwambia Bibi kwamba damu yake imepungua na amepewa dawa ya kuongeza damu, ameze kila siku.

Bibi akapiga makofi akamshukuru Mungu. Sista akashangaa. Akaniambia tangu aanze kazi hajaona mama wa kijijini akipokea habari ile kwa ujasiri namna ile.

Wiki mbili za kwanza dawa zilimsumbua, kichefuchefu na ndoto za ajabu. Halafu mwili ukaanza kurudi. Alianza kuomba uji wa ulezi mara mbili kabla ya saa nne, kisha ugali wa udaga, ule wa muhogo, kisha akashika jembe. Mwezi wa tatu wa dawa alikuwa ameongezeka kilo sita. Alikuwa akimtania rafiki yake Mokami kwamba anatembea kama kuku aliyenyeshewa, na kila aliyemuuliza amefanyaje kupona alimjibu kwamba aniulize mimi, daktari wa nyumba hii. Nilikuwa natazama chini, ila moyoni nilipenda. Nisikufiche hata hilo.

Jumatano iliyopita tulirudi kliniki kuchukua majibu ya wingi wa virusi. Sista alitegemea visionekane kabisa. Vilikuwa vingi. Aliuliza Bibi anamezaje dawa. Nilipomuuliza, Bibi alijibu kwa raha zote, kama mtu anayeeleza alivyomsaidia jirani kuvuna. Alisema Mokami alikuwa akishikwa na kizunguzungu, na yeye hawezi kushiba damu peke yake huku mwenzake anakauka, kwa hiyo tangu mwezi wa nne wa dawa wanapokezana, leo anameza huyu, kesho anameza yule.

Sista alikuwa ananingoja na kalamu yake. Nikamwambia, anasema huwa anasahau.

Akasikitika. Akasema tutaitwa kwa vikao vitatu vya ushauri, na nimwambie Bibi kwamba akiendelea hivi virusi vitaizoea dawa, na ile kinga iliyoanza kujengeka itabomoka. Mimi nikamwambia Bibi dawa ni chache, Sista anasema asigawe tena. Bibi akacheka. Akasema kama ni chache basi yeye ndiye aache, maana ameshapona, Mokami ndiye mgonjwa. Tulipofika nyumbani alimpa Mokami chupa nzima. Leo ni siku ya nne Bibi hajameza kitu. Na Mokami anameza dawa ambayo hajaandikiwa na mtu, wala hajapimwa. Nimembembeleza Bibi mpaka nimechoka. Ananiuliza tu kwa nini nakuwa mchoyo wa damu.

Mama, hapo juu nimekuelekeza kwenye lile pazia na yule mke wa Werema, na ni kweli walikuwepo. Lakini sikukumalizia. Mwezi wa pili wa dawa tulikuwa tunapalilia, mimi na Bibi peke yetu, shamba zima hakuna mtu. Bibi alisimamisha jembe. Hakunitazama. Aliniuliza kama ni ule ugonjwa uliomchukua Babu. Alisema yeye si mtoto, amewaona watu wanaokaa lile benchi. Alisema kama ndio wenyewe haogopi kitu, ila anataka ausikie kwa mdomo wa mtu wake.

Nikamwambia hapana. Aliponitazama nikaapa kwa Mungu.

Alishusha pumzi ndefu, akaendelea kupalilia huku anaimba. Mama, ule wimbo ndio unaonitesa. Hakuna sikio la jirani lililonizuia siku ile. Niliogopa ataniuliza kwa nini nilimdanganya mara ya kwanza, na nisiitwe tena daktari wa nyumba hii. Aibu niliyoificha ilikuwa yangu. Bibi hakuwa na aibu yoyote.

Niliianza barua hii ili nikuombe uombe ruhusa, uje umwambie wewe. Wewe ni mwanawe, mimi nitakaa nje. Lakini mpaka upate barua, mpaka bosi wako akubali, ni siku ngapi hizo bila kidonge? Na yeye alitaka kusikia kwa mtu wake, na aliyemuuliza ni mimi.

Nasikia ndala zake uani. Tangu Jumatano kila nikianza kuandika karatasi hii huwa naisukuma chini ya godoro akikaribia, ingawa hajui kusoma hata herufi moja. Anajua kusoma uso wangu, basi. Yuko mlangoni. Nimeiacha mezani.

Ameingia. Ameniuliza nani amekufa. Nimemwambia hakuna, namwandikia Mama, na barua inamhusu yeye, na nataka nimsomee yote kwa Kikurya kabla haijaondoka. Ameketi kitandani, nami nimeanza kumsomea.

Wasalimie wote hapo kambini. Unisamehe, na ukiweza uje, hata siku moja. Bibi anakusalimu. Anasema nikuandikie kwamba ugonjwa wowote niliosahau kumwambia anaweza kuusikia akiwa amekaa, ila kwanza niache kulia, kwa sababu haelewi ninachosema. Hayo ni maneno yake, Mama. Sijayageuza.

Mwanao,
Robi