Baba Ametia Njuga

Jumatatu, 3 Machi

Ajabu ya mwaka! Nimemkuta Baba gereji, miwani puani, anatia njuga kwenye majigi yake, vile vyambo vya bandia vya kuvulia samaki. Njuga! Vile vichupa vya kioo vyenye shanga ndani, unavichomeka chini ya nyuzi za mpira za chambo, ukikivuta vinalia. Huyu ni Delmar Tidwell, ambaye tangu nipate akili namsikia akisema besi ni samaki, si mtoto mchanga, habembelezwi kwa kayamba. Nikamkumbusha. Akasema maji ya safari hii yana tope.

Nilipita ziwani asubuhi. Hakuna tope. Unaona majani mpaka chini.

Haya, chambo ni chake. Ila hakunitazama usoni, na hilo sijalipenda.

Alhamisi, 6 Machi

Mkutano wa klabu ya wavuvi, nyama ya nguruwe ya moshi kama kawaida. Hoyt Gilliland kaziona njuga kwenye sanduku la Baba. “Delmar! Umebatizwa upya?” Ukumbi mzima kicheko. Wawili hawa wamegombania njuga tangu kabla sijazaliwa – Hoyt huzitumia, Baba hataki hata kuzisikia. Na leo Hoyt mwenyewe anasema kwa maji haya maangavu ameziondoa zote. Besi wa hapa wamechoshwa na makelele ya boti, wakisikia tik-tik wanatimka.

Nikangoja jibu la Baba. Baba ana jibu la kila kitu. Akainamia sahani yake.

Halafu glasi ya chai ikamponyoka, chwaa, mezani. Eti mafuta ya nyama. Hakuwa ameigusa nyama bado.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimefunga mlango.

Tumekwenda kujaribu maji kabla ya mashindano ya wiki ijayo. Mimi bila njuga, yeye nazo. Mimi napata, yeye hapati. Sawa, njuga zinawafukuza, nikasema moyoni, atajifunza. Lakini baadaye nikaona kingine.

Jigi haliliwi kwa vurugu. Besi analivuta kama mtu anayevuta pumzi, unachosikia ni mguso mdogo tu vidoleni, basi. Baba ndiye aliyenifundisha. Leo nimeona mshipi wake unatembea kando – samaki yumo, anaondoka nalo! – na yeye ananihadithia bamia za marehemu bibi. “Baba, umeliwa!” Akashtuka, akavuta. Hewa. Muda mfupi tena hivyohivyo. Na tena.

Halafu nikaona damu kwenye zulia la boti. Nikaifuata kwa macho. Ndoano imezama kwenye dole gumba lake, imezama yote, na yeye anafunga fundo lingine huku anapiga mluzi!

“Baba. Kidole.”

Akakitazama kama kidole cha mtu mwingine. Akasema, “Aa, kidogo tu,” akaing’oa na koleo. Hakukunja hata uso. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Mama kauliza ile plasta ni ya nini. Baba: kisu. Akaniangalia. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka sasa.

Jumatano, 12 Machi

Leo nusura tufe. Naandika hivyohivyo, sipambi.

Tunarudi gatini, mbio. Boti hii ikifunguliwa mbio machozi yanakutoka yenyewe. Mafuta yake ni ya kukanyaga, pedali kama ya gari. Pale darajani lazima upunguze, njia ni nyembamba. Hakupunguza. Nikasema moyoni, atapunguza. Nguzo inakuja. Nikapiga kelele, “Mguu, Baba! Mguu!”

Akainamisha kichwa. Akautafuta mguu wake kwa macho – kwa macho! – ndipo akauinua.

Nguzo imepita karibu kiasi cha kuipapasa. Ng’ambo walikuwa wazee wawili kwenye kiboti chao, wametulia na kahawa. Wimbi letu limewainua, nusura liwapindue. Mmoja kanyosha ngumi. Baba kampungia mkono, anacheka. Midomo yake ilikuwa myeupe.

Mungu wangu, naogopa. Namwogopea, na leo namwogopa yeye pia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemuuliza. Gereji, mlango umefungwa. “Baba, husikii miguu yako?”

Kwanza hasira. Nimekuwa daktari lini? Halafu akaketi juu ya kasha la barafu. Vidole vimekufa, akasema. Vya mikono na vya miguu. Sukari. Tangu mwaka jana, sikukuu ya Shukrani. Daktari amemwambia asiendeshe kitu chochote. Kumbe gari zima la watu, mimi na Mama na majirani, tumebebwa kanisani hivyo kila Jumapili!

Na njuga?

Akasema zikigonga jiwe, mtetemo unapanda mpaka kwenye kiwiko. Kiwiko bado kizima. “Hazina kazi kwa samaki, mwanangu. Ni zangu mimi. Bila hizo sijui kama nimeshika kitu au sijashika.”

Nikalia. Yeye hakulia. Akasema kesho tu. Mashindano haya tu, halafu atamwambia Mama mwenyewe, na Mama atauza boti kabla kahawa haijapoa, na iwe. Nikasema basi kesho niendeshe mimi. Akacheka, halafu akaacha kucheka. “Siku nitakayoendeshwa kama mzigo kwenye boti yangu mwenyewe, mbele ya Hoyt, mnizike siku hiyohiyo.”

Nikasema sawa. Kwa nini nimesema sawa?

Jumamosi, 15 Machi

Gatini, ndani ya boti. Ukungu mzito, wamezuia kuondoka mpaka ufunguke. Boti zimefungwa ubavu kwa ubavu, watu wanakunywa kahawa na kutambiana. Mchungaji amekwisha kutuombea. Naandika chini ya koti la mvua. Baba kauliza naandika nini, nikasema vitu vya kununua. “Usisahau mayai,” akasema. Ana furaha! Ameketi kwenye usukani wake, kofia imekaa upande, miaka kumi imemtoka usoni. Ningemwona hivi siku nyingine ningefurahi mpaka basi.

Boya lake la kuvaa nimemfungia mimi. Nilisingizia zipu imekwama, naye akaniacha, akatazama kando. Mikono yangu ikiwa hapo kifuani nikautoa ufunguo wa boti mfukoni mwake. Nimeuona mkono wangu ukifanya hivyo. Ufunguo uko kwenye soksi yangu, baridi, unanichoma kifundo.

Akigundua atapiga kelele, na watu wote hawa watajua. Klabu nzima. Hatanisamehe. Nikimrudishia – lile daraja liko mbele, na leo boti zote zinapita pale kwa pamoja.

Ukungu unapasuka. Naona ng’ambo. Wameanza kuita namba. Hoyt, boti ya ubavuni mwetu, amewasha injini, anapaza sauti: “Mzee, leo unakula moshi wangu!” Baba anamwambia aisalimie nguzo akifika darajani. Wanacheka wote wawili. Sijui anawezaje kulitamka hilo.

Namba yetu inafuata.

Namwambia, “Baba, ufunguo unao?” Sauti yangu si yangu.

Anaingiza mkono mfukoni. Anapapasa. Ngoja – usoni hakuna kitu, hakuna wasiwasi wowote. Anautoa mkono umefumbwa, ndani yake hamna kitu, anauinua kunionyesha ngumi, anatabasamu.

“Huu hapa,” anasema. “Fungua kamba, mwanangu.”