Casilda Asifukuzwe Kazi

Cabaiguán,
Alhamisi, 16 Machi 2023.

Mpendwa mwanangu Osniel,

Pokea salamu za shangazi yako na busu la kila shavu. U hali gani huko Montevideo? Kifua kimepona? Nasikia baridi ya huko ikianza haina adabu, basi vaa soksi, hakuna anayekutazama miguu. Sisi huku tu wazima. Goti langu hunisumbua kwenye ngazi tu, na umeme unakatika kama kawaida yake, lakini kahawa tumepata, kwa hiyo silalamiki.

Barua hii nampa Belkis, binti wa jirani, anayesafiri kesho kuja huko. Mambo yenyewe ni marefu, hayaingii kwenye ujumbe wa simu.

Ujumbe wako niliupata. Unasema mwisho wa mwezi utamfukuza kazi Casilda, huyo mwendesha lifti uliyemchora, na kuifunga katuni yako, kwa sababu ukurasa unaonyesha wasomaji thelathini na wanne tu mtandao mzima. Niliusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakasirika. Sasa kaa kitako nikuambie jambo nililokuficha mwaka mzima.

Mmoja wa hao thelathini na wanne ni mimi. Na kazi yangu unaijua: kuwasomea wasokota sigara wa karakana yetu huku mikono yao ikifanya kazi. Asubuhi magazeti, mchana riwaya. Lakini kila Jumanne saa nne nawasomea Casilda. Watu mia moja na arobaini, Osniel! Walimpigia kura wenyewe, akaibwaga riwaya ya upelelezi.

Utauliza katuni inasomwaje kwa sauti. Hata mimi sikujua. Siku ya kwanza nilieleza kila kichekesho mpaka kikanifia mdomoni. Zenaida wa meza ya mbele, yule mwenye ulimi wa pilipili, akanikatiza: "Nereida, mama, usitutafunie. Sema nani kasimama wapi, kasema nini, kisha nyamaza. Kucheka tutacheka wenyewe."

Tangu hapo nagonga meza mara moja kwa kila kisanduku cha picha. Kisanduku kisicho na maneno nakigonga, natulia, nahesabu moja mpaka tatu moyoni. Hapo kwenye ukimya ndipo wanapocheka zaidi. Una kipaji, mwanangu, na simwambii kila mtu hivyo.

Wasomaji wako wa mtandaoni waliandika kwamba Casilda ni kichaa. Mwendesha lifti gani anakaa miaka kumi na moja ndani ya lifti iliyokufa, anafunga mlango, anauliza watu wanaenda ghorofa ya ngapi, anawapigia hadithi, kisha wanatoka palepale walipoingia na kupanda ngazi? Huku kwetu hakuna aliyesema kichaa. Mzee Eleuterio ndiye aliyechokoza.

"Huyo mama ni mvivu tu. Anakula mshahara wa bure."

"Mvivu haendi kazini," Zenaida akamrukia. "Huyo ana cheo chake, hataki kukivua."

"Cheo gani, na lifti imekufa?"

"Na redio yako je, babu? Imekufa tangu lini? Mbona kila asubuhi unaifuta vumbi?"

Karakana nzima iliangua kicheko, Eleuterio akainamisha kichwa kwenye majani yake. Saa ya kutoka alinifuata mlangoni. Akaniambia redio ile ilikuwa ya marehemu mkewe, na kwamba huenda Casilda naye anamngoja mtu. Je, ulikusudia hivyo ulipomchora? Mimi naamini ulikusudia, na sitaki unibishie.

Halafu kuna ile ndoo. Ulipomchora Casilda ametumbukiza miguu kwenye ndoo ya maji, wasomaji wako waliuliza kama lifti inavuja. Uliniandikia kwa uchungu kwamba hakuna aliyeng'amua. Kumbe huku sijamaliza hata kulitamka neno "ndoo", visu vya kukatia majani vikaanza kugonga meza, shangwe tupu. "Nahodha! Nahodha anayeogopa bahari!" Riwaya ya nahodha huyo, ambaye maji ya chumvi huyagusa kwa miguu ndani ya ndoo tu, niliwasomea mwaka wa kimbunga, kurasa mia nane, na watu hawa hawasahau kitu. Zenaida alishikilia kwamba unamtania nahodha. Eleuterio akasema la, umempa nahodha mahali pa kupumzika. Walibishana mpaka saa ya chakula.

Sikukuambia haya kwa sababu nakujua. Ukitazamwa unaanza kujipendekeza, na Casilda hajipendekezi kwa mtu. Pengine nilikosea kukuficha. Kama nilikosea, nisamehe.

Sasa sikia yaliyotokea. Jumanne mbili hukuweka kitu. Ya kwanza niliwaambia unaumwa kifua. Juzi nikawaambia ukweli, kisha nikafungua kitabu kingine. Visu vikaanguka sakafuni, meza baada ya meza. Huku kwetu kisu kikitupwa chini maana yake watu wamekataa, nawe unajua. Miaka ishirini na sita nimekalia kiti kile cha msomaji, juu ya jukwaa, sijawahi kuusikia mlio huo ukitoka meza zote.

Msimamizi akaamuru ipigwe kura, wachague kitu kingine. Wakapiga. Nilizifungua karatasi mwenyewe mbele yao, moja moja, na zote mia moja na arobaini zilikuwa tupu.

"Kaa hapohapo juu, Nereida," Zenaida akasema. "Nusu saa hii ni ya Casilda."

Nikakaa mikono mitupu. Wao wakasokota, hakuna aliyeimba, hakuna aliyepiga soga, mpaka nusu saa ikaisha. Nilitokwa na machozi, nami si mtu wa kulia kazini.

Wasalimie mkeo Dayamí na mtoto. Mjomba wako Rigoberto anakusalimu, na Zenaida na Eleuterio wanakusalimu ingawa hawajakuona. Mungu akulinde, akupe afya, na mkono wako usichoke.

Katuni ni yako, na kumfukuza Casilda ni haki yako. Ila Jumanne saa nne nitapanda kwenye kiti changu, na kitabu kingine sichukui.

Shangazi yako akupendaye,
Nereida