Nafasi ya Maduhu Kituoni

Machimboni, mbele ya Buseresere
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Mwangaluka mayu, na shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mwanao Masele aliniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kusimama barabarani na sinia lako la karanga, nikafikiri uvimbe umepungua, ila Masele naye anasema lolote ili akate simu arudi kwenye mpira. Mpunga mmeshaanza kuvuna? Mimi ni mzima. Mama mdogo ni mzima, anakohoa tu kwa ajili ya vumbi la mawe. Maduhu wake anaota meno ya nyuma na ananing'ata begani kama anatafuna muwa.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya baba mkubwa mnaiweka spika, na haya siwezi kuyasema nyumba nzima ikisikia. Barua nampa dereva wa lori la mchele anayelala hapo Tinde. Isome mwenyewe, usimpe Masele akusomee.

Mama, nina wivu. Nimelisema mapema kwa sababu nikizunguka nitaishia kukuandikia habari za mvua. Ninamwonea wivu Zawadi, yule msichana wa Kigoma anayeishi mlango wa pili. Nakula naye, nacheka naye, nachota naye maji, na bado nikimwona amevaa sare asubuhi nageukia ukutani.

Unajua tulivyokubaliana na mama mdogo uliponituma huku: asubuhi shule, jioni namshika mtoto. Ilikwenda vizuri mpaka yule bibi aliyekuwa akikaa na Maduhu asubuhi aliporudi kwao Biharamulo. Mama mdogo hawezi kumpeleka mtoto mwaloni. Pale wanapooshea mchanga wa dhahabu kuna madimbwi ya maji machafu na dawa ambazo mtoto akitia mkono mdomoni ni hatari. Asipokwenda, hatuli. Kwa hiyo nikawa nabaki mimi. Mwanzoni siku mojamoja, kisha karibu kila siku. Mwalimu wa darasa akaniita pembeni akasema, "Minza, kwa mahudhurio haya sitaweza kukutetea. Mtihani wa kidato cha pili utaukosa, na utarudia darasa kama mtu asiye na akili, wakati akili unazo." Sikukwambia. Ndiyo hiyo nakwambia sasa.

Zawadi tulikuwa sawasawa. Yeye pia anaishi na mama yake mdogo, Mama Faraja, anayepika chakula kule kwenye karasha la kusagia mawe, na yeye pia alikuwa anabaki na mtoto. Tulikuwa tunakaa kizingitini, watoto mgongoni, tunasoma daftari za wenzetu. Yeye Kiingereza kinamshinda, mimi namwelekeza. Nilikuwa na furaha, mama, aibu kusema, kwa sababu tulikuwa tumekwama wawili.

Kisha wakatangaza kituo. Serikali imefungua mahali pa kulelea watoto mchana, jirani na zahanati, kwa ajili ya wazazi wanaofanya kazi. Mzazi anachangia kidogo, sehemu kubwa inalipwa na halmashauri. Wanapewa uji, wanalala kwenye magodoro, wana walezi waliofundishwa. Sharti ni kwamba mzazi awe na kazi na asiwe na mtu wa kumwachia mtoto. Nafasi chache, kwa hiyo afisa wa ustawi wa jamii angepita nyumba kwa nyumba aone mwenyewe nani ana shida kweli.

Sasa sikia tulivyofanya. Mama mdogo aliposikia mtu wa serikali anakuja, akaniambia, "Mgeni huyo, Minza. Usitutie aibu." Tukadeki. Tukaazima viti vya Mama Faraja, vile vya plastiki, vyote. Nikamwogesha Maduhu, nikampaka mafuta mpaka akang'aa kama sufuria ya arusi, nikamvalisha shati la Krismasi. Tukapika michembe ya viazi na karanga. Afisa alipoingia nikapiga magoti kama ulivyonifundisha, nikamnawisha mikono.

"Marahaba mwanangu! Jamani, mtoto mzuri huyu. Nani anamlea vizuri hivi?"

"Tunasaidiana tu, mama," akajibu mama mdogo. "Mungu yupo. Hapa hatuna shida yoyote. Karibu michembe."

Hatuna shida yoyote! Kwa mtu aliyekuja kutafuta wenye shida! Lakini mama, wewe ungesema nini? Mgeni hapewi shida zako, anapewa kiti. Nilisimama pale na sinia, nikitaka kusema, "Mimi ni mwanafunzi, mtihani unanikimbia." Ninajua Kiswahili cha shule na Kiingereza cha shule, na siku ile vyote viwili viligoma. Nikasema, "Ongeza karanga, mama." Akaongeza. Akashukuru, akaaga.

Mlango wa pili hakukuta kiti hata kimoja, viti vyote vilikuwa kwetu. Mama Faraja alikuwa kazini. Zawadi alikuwa amemfuata kule kwenye karasha kumpelekea kuni, akarudi mbio na mtoto mgongoni, wote wawili weupe kwa vumbi kama wametoka ndani ya gunia la unga. Mtoto ana kamasi mpaka kidevuni. Afisa akawatazama tu, akatikisa kichwa.

Faraja akapata nafasi. Maduhu akakosa.

"Wewe na usafi wako!" Zawadi akanicheka. "Ungemwachia hata kamasi kidogo!"

Nikacheka na mimi. Kisha nikaingia ndani nikalia. Tangu hapo yeye kila asubuhi anampeleka Faraja kituoni, halafu huyo shuleni. Jioni anakuja na daftari: "Minza, hebu nieleze hii." Namweleza. Namweleza vizuri, hata pale ninapotamani akosee. Majuzi alipata alama kubwa kuliko wote kwenye Kiingereza, mwalimu akamsifu mbele ya darasa, akaja kunisimulia akirukaruka. Yale majibu yalikuwa ya kwangu, mama. Nilisema hongera.

Nilikuonea wivu hata wewe, kwa kuwa na Masele hapo karibu. Nilimwonea wivu Masele kwa kwenda shule bila mtoto mgongoni, halafu anatoroka.

Wiki iliyopita ikasikika kwamba nafasi moja imebaki wazi. Kuna rashi mpya huko porini, watu wamehama na watoto wao kufuata dhahabu. Afisa akatuma neno kwamba atapita Jumatano kwa wale waliokosa. Siku yenyewe mama mdogo akaanza tena! "Minza, deki. Minza, kaazime viti." Akafunua mpaka debe la mchele.

Nilitoka na Maduhu, sare nimeificha ndani ya kanga, kama ninayekwenda kwa Mama Faraja. Sikufika. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikavaa sare yangu, sketi, shati na tai, nikambeba Maduhu mgongoni, nikamfunga kwa kanga juu ya sare. Sikumwosha uso. Nikarudi nikasimama mlangoni. Mama mdogo akatoa macho, lakini afisa alikuwa ameshafika uani, akashindwa kunifokea.

Afisa akanitazama kuanzia viatu.

"Kumbe wewe ni mwanafunzi? Leo Jumatano. Mbona uko nyumbani?"

"Kichwa kinamuuma," mama mdogo akadakia. "Kesho atakwenda. Karibu ndani, mama, karibu."

Nikakaza fundo la kanga.

"Kichwa hakiniumi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya kuku mgonjwa. "Ninamlea Maduhu. Mama mdogo yuko mwaloni kila siku. Shuleni wameshazoea kutokuwepo kwangu."

Afisa akamgeukia mama mdogo, kisha mimi tena.

"Siku ile mbona hamkusema?"

"Siku ile ulikuwa mgeni," nikasema.

Alicheka, mama, alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. "Na leo mimi ni nani?" Nikatazama chini. Akasema Maduhu aletwe Ijumaa.

Mama mdogo hakunisemesha siku hiyo wala kesho yake. Alikuwa anaweka tu sahani mbele yangu. Usiku wa pili akasema, "Umenivua nguo mbele ya mtu wa serikali." Nikamwambia anisamehe. Akakaa, akasema, "Na mimi niliacha shule darasa la tano kwa sababu ya kumbeba mama yako mgongoni." Sijui kama ni kweli, maana wewe ndiye mkubwa. Nadhani alimaanisha mdogo wenu wa mwisho. Lakini Ijumaa alimvalisha Maduhu yeye mwenyewe.

Kwa hiyo ninakwenda shule. Nilitaka kukwambia habari hii kwa furaha na niishie hapo, lakini nimeshaamua kukwambia yote. Wivu haujaondoka. Umehama tu, kama watu wa rashi.

Nisalimie bibi, mwambie dawa yake ya kifua nitaituma na dereva huyuhuyu akirudi. Nisalimie baba mkubwa mwenye simu, asijue nilichosema kuhusu spika. Mwalimu wangu wa zamani wa shule ya msingi ukimwona sokoni, mwambie tai bado najua kuifunga. Masele mwambie asitoroke, kuna watu wanakililia kiti anachokiacha.

Wivu umehamia hivi, mama. Siku ya kwanza nilijiandaa kwa kilio cha Maduhu. Nilimwambia Zawadi atangulie. Nikamshusha chini, akaona vikombe vya rangi, akatembea moja kwa moja kwa mlezi, msichana mwenye sauti nzuri ya kuimba, akamshika sketi. Hakugeuka. Darasani nilikaa mgongo mtupu, nimeinama kidogo mbele kama bado nimebeba. Saa kumi nikaenda kumchukua. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sababu nimekuja kumchukua, akamng'ang'ania yule mlezi shingoni, na mimi nikasimama na kanga yangu mkononi.

Siku ile pale Tinde niliingia kwenye basi sikugeuka kukutazama. Nilikuwa nalia na sikutaka abiria wanione. Labda ulifikiri nimefurahi kuondoka. Sikufurahi, mayu.

Wabeja sana kwa kunilea. Mimi ni yule binti yako asiyesema,

Minza