Gesi ya Baba Yako

Kwako binti yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mama yako. Hujambo huko maabara? Kifua je, na unakula? Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu, mikono yake ina grisi ndiyo maana hashiki kalamu. Bibi yako anakusalimu, miguu yake imetulia. Kaka yako na mkewe wanakusalimu, na mapacha wao, ambao siku hizi hawashikiki. Hata paka yumo, amelalia karatasi hii.

Mwanangu, barua yako imechakaa kwenye mikunjo. Kila mteja anayeleta friji karakanani lazima baba yako amsomee kwanza: kwamba gesi ya mafriji ya zamani, ile aliyokuwa akiiachia hewani ujanani kwa kutojua, ilimezwa na maji ya juu ya bahari, yakazama nayo kule kwenye baridi kali, na leo nyinyi mnayachota kutoka chini kabisa, mnaipima, mnajua maji hayo yalizama miaka ya lini na yametembea wapi. Anasema kazi yake imefika mbali kuliko yeye. Bibi yako akamjibu kwamba alianza kwa kuichafua nyumba, kumbe alikuwa na bahari nzima akilini. Tulicheka mpaka mapacha wakaamka.

Lakini kilichomvimbisha kichwa hasa ni habari ya safari yako ya kwanza. Kwamba gesi ilionekana hata kwenye maji ya kale, yaliyozama kabla ya friji kubuniwa, yasiyopaswa kuwa nayo, na wasomi wote wakawa wanalaumu mashine. Wewe ukachukua povu la sabuni, ukaenda jikoni kwa mpishi wa meli, ukapaka mabomba ya friza lake kuukuu, na mapovu yakaanza kutoka pale linapovuja, kumbe gesi yake ndiyo iliyokuwa ikiingia kwenye maji yenu. Baba yako anasema hayo hukufundishwa chuoni, alikufundisha yeye ukiwa na miaka saba, ukimshikia bakuli. Bakuli lilikuwa langu, na sabuni yangu.

Sasa mwanangu, kaa chini. Umeuliza mara mbili kama kuna barua ya meli imekuja hapa nyumbani, na mara zote mbili nimekujibu habari za mapacha. Ilikuja. Ina wiki tatu. Niliifungua, nikaisoma kwa kufuata kidole: wanakutaka tena, miezi miwili, na mkuu wa safari ameongeza kwa mkono wake kwamba fundi wao wa povu asikose. Mimi nikaona maji tu, mita elfu nne chini ya miguu yako. Nikaificha ndani ya friji bovu la kule nyuma, lile baba yako anaahidi kulitengeneza tangu hujazaliwa. Nilijua hapo hatafungua.

Ulipoandika juzi kwamba huenda hawakukupenda, nilikwenda nyuma nikaitoa barua ile. Kukuhofia ni haki yangu, lakini kukufanya ujione hufai si haki yangu. Nimemwambia baba yako. Akasema afadhali friji lile limehifadhi kitu.

Barua yao iko humu ndani. Wanataka jibu kabla ya tarehe thelathini, na leo ni kumi na mbili. Nenda, mwanangu, una radhi zangu. Mwalimu jirani yetu ameniambia maji yakizama huko huchukua mamia ya miaka kurudi juu. Wewe usiige.

Niletee jibu upesi, hata mistari miwili: kwamba umewakubalia, na kwamba umenisamehe. Anza na wao, mimi nitangoja.

Ni mimi mama yako.