Shotgani Haijalegea Bado

Jumamosi, mtaa wa Fedha, Nairobi

Imekwama tena. Risasi mbili zilitoka vizuri, ya tatu ganda likabanwa kwenye tundu la kutolea maganda, nikalichomoa kwa vidole.

Niliinunua shotgani hii ya bei rahisi kwa sababu ya fisi. Mbuzi ninaowauza sokoni Kiamaiko hutoka kwetu Kitui, na mdogo wangu Mutua ndiye huwalinda. Siku hizi fisi wanaingia hadi zizini. Nilimwahidi kwamba wiki ijayo nitakuja na bunduki tukeshe pamoja.

Mwalimu wa uwanja wa shabaha hakushangaa. "Ni mpya, madam. Itie risasi nzito zenye baruti nyingi kwanza, springi zilegee."

Tukapiga nzito, zote zikatoka. Nikafurahi. Niliporudia zile za kawaida, ikakwama.

"Ungekuwa gizani na fisi mbele yako, ungefanya nini?" nikamwuliza.

"Ningehepa," akasema. Hakucheka.

Jioni nikampigia Mutua, nikamwambia bunduki itabaki Nairobi hadi niiamini.

"Lakini dada, nishawaambia majirani inakuja."

"Waambie ina kasoro."

"Watanicheka."

"Wacha wacheke. Nikija tutaongeza miiba kwenye ua wa zizi, tupige mabati upande wa mtoni."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana, maana akiamua jambo huwa habadiliki.

"Basi uje na misumari," akasema. "Ya huku inapinda."

Bado nina hofu kwa ajili ya wale mbuzi. Lakini sina tena hofu ya Mutua kusimama nyuma yangu gizani, akiingoja risasi ya tatu isiyotoka.