Magoti ya Mama

Munira, mama amenisaliti. Mama yangu mzazi!

Si unajua leo asubuhi nimeuza gari langu la milango miwili? Nimeliuza kwa ajili yake. Kila nikimwita twende, jibu ni lile lile: "Dalal, gari liko chini mno, magoti yangu hayawezi."

Sasa hivi hapa mjini Salmiya nimemwona akichomoka kwenye kiti cha NYUMA cha gari la wifi yangu. Milango miwili vilevile! Anacheka, aiskrimu mkononi!

Nikamuuliza, "Mama, na magoti?"

Akalamba aiskrimu yake. "Magoti hayana neno, mwanangu. Wewe ukiendesha unanigombeza njia nzima."

Njia nzima, Munira! Mbele ya wifi!

Niambie ukweli. Na wewe ndiyo maana huwa unapanda teksi kila nikitaka kukupa lifti?