Mgeni Rasmi wa Wauza Asali wa Ipuli

Mama Mshauri, shikamoo. Hili sijamwambia mtu yeyote: Mzee Lukumani wa Tura hayupo duniani, nimemtunga mimi.

Mwaka jana nilimaliza kidato cha nne, naishi Ipuli na shangazi Sikuzani, mwenyekiti wa akina mama wanaouza asali stesheni, na asali ilikuwa hainunuliwi kwa sababu ya miguu ya nyuki na harufu ya moshi, nami nilipojikaza kusema tuichuje shangazi akanijibu, "Wewe unayeogopa hata kuku ndiyo utufundishe biashara?" wote wakacheka, basi nikaandika malalamiko ya mnunuzi kwa jina la Mzee Lukumani, nikasema barua imeachwa na abiria wa treni, na kwa kuwa barua za kikundi huzisoma mimi, niliwasomea kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kesho yake wakachuja. Barua ya pili mzee akataka chupa safi, ya tatu akataka ziandikwe siku ya kurina asali mzingani na jina la mrinaji, wakafanya vyote, na sasa asali haifiki jioni.

Shida ni kwamba Jumamosi kikundi kinapika pilau ya kumshukuru na mgeni rasmi ni Mzee Lukumani, kiti kimeshapambwa, na Bi Najiat, ambaye ni mjane, ameshona gauni na kila siku ananiuliza kama mzee ana mke. Nimefikiria kumuua kwa barua ya nne, lakini shangazi atataka twende msibani Tura. Nifanyeje? Tafadhali usimwambie mtu. Shangazi hasomi gazeti, hufungia chupa tu.

Mwenye Aibu, Ipuli

Marahaba, mwanangu. Unaomba siri gazetini!

Mzee usimuue, amefanya kazi kuliko wengi walio hai. Ila uongo ni uongo. Nenda leo kwa Bi Najiat, umwombe radhi kabla hajasuka nywele. Kisha andika barua ya nne, uisome Jumamosi kwa sauti ileile, na mwishoni uweke jina lako. Watafoka. Waache wafoke. Kuchuja walichuja wao, sifa ni yao. Wewe uliwasemea mnunuzi aliyekuwa akipita kimya bila kununua. Wakitulia, kaa kwenye kile kiti ule pilau.

Nawe Bi Sikuzani, ukurasa huu ukifika mkononi mwako, fungia chupa, ujifanye hujaona kitu hadi Jumamosi. Binti anajiandaa kusema.